Wimbo wa Pili Unaporudi Nyumbani

Resti mwanangu,

Habari za neti, vidonge vya malaria na kutokuweka simu mfuko wa nyuma ukiwa stendi, mama yako ameshakwambia na kesho alfajiri atakwambia tena kabla basi halijaondoka. Mimi hayo sirudii. Nakuandikia jioni hii wakati nyie wawili mko Ruangwa mjini kwa msusi, nyumba iko kimya, na huku Nandagala joto limebana tangu asubuhi. Mawingu yamejaa upande wa mlimani, lakini mvua hainyeshi. Harufu ya mabibo ya mikorosho yanayochacha imeingia hadi sebuleni. Nimeondoa redio, vikombe na kile kitambaa chenye maua juu ya lile kabati letu bovu, nami nimekaa mbele yake na daftari mapajani. Kwa nini nimeviondoa, utaona mbele.

Nataka kujibu swali lako la Jumapili iliyopita. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka unachambua korosho, simu iko kando inapiga kinanda. Uliniambia kule kwenye usaili wa chuo cha muziki walikutaka ueleze sonata, ule muziki wa kinanda wa Kizungu, ukaeleza ulichosoma, wakatikisa vichwa. Ukanichezea ile sonata ndogo waliyokupa uisikilize, ukairudisha nyuma mara mbili, kisha ukauliza: "Baba, huu wimbo wa pili mwanzoni unacheka. Mbona ukirudi mwishoni umenuna? Noti si ni zile zile?"

Nikasema sijui. Nikasema maliza hizo korosho, mvua inakuja. Mvua haikuja, na mimi nilikuwa najua. Sonata ile ile niliijua kabla hujazaliwa, na nilipoisikia ikitoka kwenye simu yako nikaenda kujifanya natafuta jembe.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Lipinga, mpiga kinanda wa kanisani Mnero, tulikokuwa tukiishi zamani. Alikuwa mzee mfupi, mkali, mwenye kikohozi. Kwaya nzima aliifundisha kwa do re mi ubaoni, na ukikosea alikutazama tu mpaka ujirekebishe. Wanafunzi wake wa karibu tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Auleria, shangazi yako. Mimi nilikuwa na sikio, yeye alikuwa na vidole. Mwalimu alikuwa na kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu, kimechakaa, alikitengeneza mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi na gundi, na Auleria alipofika miaka kumi na sita akampa. Hakunipa mimi. Nilikuwa na wivu, Resti. Nimeliandika neno hili mara moja na sitalirudia, lakini likumbuke unaposoma yaliyobaki.

Mwalimu alitueleza sonata kwa namna hii. Ule wimbo wa kwanza ndio mwenye nyumba. Katika sonata yako ni wimbo wa huzuni, kwa hiyo makao yake ni noti ya la. Huanzia hapo na hupumzika hapo. Halafu kuna kipande kama daraja, sauti zinakimbiakimbia, sikio linaanza kupoteza nyumba, na unapovuka unamkuta wimbo wa pili. Huyu hakai kwenye la. Makao yake ni do. Noti za kinanda ni zile zile, hujaongeza wala kupunguza, ila aliyekaa kwenye kiti ni mwingine, na nyumba nzima inasikika tofauti. Imba mwenyewe: do, mi, so. Hatua ya kutoka do hadi mi ni pana, mtu anavuta pumzi humo. Ndiyo maana ukasema unacheka.

Baada ya hapo inakuja sehemu ya katikati, ambako nyimbo zote mbili zinavunjwavunjwa. Kipande cha huyu kinarushwa huku, cha yule kule, kila mara kwenye makao mapya, na hakuna anayekaa. Watu wengi hudhani hiyo ndiyo sehemu ya kutisha. Mwalimu Lipinga alisema hapana, ya kutisha ni inayoifuata. Kelele zinapungua na besi inatulia kwenye mi. Mi tu. Inaipiga tena na tena, haitoki, na sauti za juu zinazunguka bila kuthubutu kwenda mahali. Sikio linajua nini kinakuja. Kinachokuja ni nyumbani.

Kisha mwenye nyumba anarudi kama alivyokuwa. Daraja nalo linarudi, linakimbiakimbia vile vile, unajiandaa kuvuka, ila safari hii halivushi. Linazunguka na kukurudisha ulipotoka. Na wimbo wa pili unapoingia unakuta hauna do ya kukalia. Unakalishwa kwenye la. Imba tena, umbo lile lile: la, do, mi. Umesikia hatua ya kwanza? Ni fupi. Kutoka la hadi do ni fupi kidogo tu kuliko kutoka do hadi mi, na kununa kote ulikokusikia kumetoka kwenye ufupi huo. Hilo ndilo jibu la usaili. Wimbo wa pili ukirudi hauimbi tena kwenye makao yake, unaimba kwenye makao ya mwenye nyumba.

Ningeweza kuishia hapo nikauweka huu waraka juu ya begi lako. Lakini nimeliona begi lako, na hilo ndilo linalonitia woga.

Shangazi yako alikuwa na miaka kumi na tisa alipopata nafasi ya kwenda kusomea ualimu wa muziki, siku mbili za basi enzi hizo. Ilikuwa msimu wa korosho kama huu, joto kama hili. Baba yetu alishafariki na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwa hiyo wajomba walipokuja kumuaga, neno la mwisho likawa langu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, najiona mzee. Nikasimama, nikakohoa kama Mwalimu, nikasema: "Nenda. Lakini siku ukirudi hapa, utafuata ya hapa." Wajomba wakaitikia. Auleria akaangalia vidole vyake na kusema, "Sawa, kaka."

Alikaa mwaka na nusu. Alirudi bila cheti, amekonda, nywele amekata zote. Alikuwa ameacha chuo, anapiga kinanda na bendi kwenye hoteli. Kuna jambo lilimpata huko ambalo hakulisema, na mimi sikumuuliza. Naliandika hili taratibu ili ulisome taratibu: sikumuuliza. Nilichotaka kujua ni watu watasemaje, mdogo wake mwalimu wa kwaya katoka baa. Maana wakati huo Mwalimu Lipinga alishaniachia kwaya, na nilikuwa naivaa kama koti jipya.

Nikampa masharti. Aombe radhi mbele ya wajomba. Afunge kitambaa mpaka nywele ziote. Kwenye kwaya asimame sauti ya pili, mstari wa nyuma, asitie madoido. Na kinanda kifungwe. Hilo la mwisho hata wajomba hawakulitaka, nililiongeza mwenyewe. Nikachukua nyundo na misumari minne ya inchi tatu, nikapigilia kifuniko. Aliyenishikia misumari ni yeye. Alisimama pembeni yangu, kiganja wazi, akinipa mmoja mmoja kila nilipomaliza. Wa tatu ulipinda, nikautupa, akaenda mwenyewe kutafuta mwingine kwenye kopo.

Nililala vizuri siku ile. Nakwambia ukweli.

Miezi mitatu akafanya yote niliyotaka. Aliamka mapema, akatwanga, akaenda shamba la mbaazi, jioni akaja mazoezini na kuimba sauti ya pili bila kukosea hata noti moja. Watu wakanipongeza. "Auleria katulia siku hizi, Mwalimu, hongera." Nami nikawa nazipokea hongera. Bibi yako tu ndiye aliyekuwa akimtazama wakati wa kula, anaacha tonge mkononi.

Jumamosi moja Mwalimu Lipinga alipita mazoezini, anatembelea fimbo. Alikaa nyuma mpaka tukamaliza, watu wakatoka, tukabaki wawili.

"Umemsikia mdogo wako?" akaniuliza.

"Katulia, Mwalimu."

"Sikuulizi kama katulia. Nakuuliza umemsikia?"

Nikasema hakosei siku hizi. Akakohoa muda mrefu, akafuta midomo. "Ni wimbo ule ule," akasema. "Wewe umeukalisha kwenye la yako, halafu unaniambia haukosei. Huogopi wewe?"

Nikakasirika. Nikaona mzee kazeeka vibaya, anachanganya watu na noti. Nilifunga mlango wa kanisa nikamwacha ashuke ngazi peke yake.

Siku ya gulio, wiki mbili baadaye, Auleria alichukua kikapu akasema anakwenda kununua dagaa na chumvi. Kikapu kilionekana jioni kimeegemezwa kwenye ukuta wa duka, na chumvi ndani. Dagaa hakununua. Mtu mmoja alisema alimwona stendi ya Nachingwea. Mwingine alisema alimwona mtu kama yeye anavuka mto kwenda Msumbiji, kafunga kitambaa. Nilikwenda Masasi, nilikwenda Newala, nilifika hadi mtoni nikauliza wavushaji. Tulipofungua sanduku lake tulikuta nguo karibu zote zipo. Vilivyokosekana ni picha. Picha zake zote, hata ya kipaimara iliyokuwa ukutani kwa bibi, alikuwa ameitoa kwenye fremu na kuirudisha fremu tupu mahali pake, na hakuna aliyegundua.

Ni miaka ishirini na miwili sasa. Hiyo hadithi kwamba shangazi yako aliolewa Msumbiji na ana watoto, niliitunga mimi ili bibi yako apate usingizi, kisha ikazoeleka na wewe ukaikuta. Bibi hakuiamini. Alikufa akitaka mlango wa uani usifungwe kwa komeo. Na tulihama Mnero kuja Nandagala kwa sababu sikuweza tena kupita pale gulioni, wala si kwa sababu ya shamba kama nilivyowaambia. Kwaya niliiacha mwezi ule ule. Wewe umekua ukidhani baba yako hapendi kuimba.

Sasa nikuambie ninachokiogopa. Mwezi uliopita, wajomba zako walipokuja kwa ajili ya safari yako, nilisimama. Sikuwa nimepanga la kusema. Nikakohoa, na maneno yakatoka yenyewe: "Nenda. Lakini siku ukirudi hapa, utafuata ya hapa." Yale yale, Resti, hayakupungua wala kuongezeka, na sauti ni ile ile ila imekwaruza kidogo kwa uzee. Ukaangalia vidole vyako na kusema, "Sawa, baba." Nilikaa chini pale pale. Mama yako alidhani ni joto, akaniletea maji.

Tangu siku ile nyumba hii imekaa kwenye mi. Unafagia, unapika, unajibu salamu vizuri, unatabasamu na wageni. Mchana malori ya mgodini yanapita barabarani na vikombe vinagongana juu ya kabati, nami nashtuka kila mara. Unapiga mluzi ule wimbo wa pili ukiwa bafuni, na mimi nasimama nyuma ya nyumba nasikiliza kama unaupiga kwenye do au kwenye la. Mpaka juzi ulikuwa kwenye do. Jana ulinyamaza kabisa.

Na leo, mlipoondoka, nimeingia chumbani kwako kukaza mkanda wa begi kama mama yako alivyoniagiza. Sikupekua. Lakini begi lilikuwa wazi na bahasha ilikuwa juu. Picha zako zote zimo. Ya kuzaliwa, ya darasa la saba, ya kipaimara, hata ile uliyokuwa umeng'oka meno. Nikageuka ukutani, fremu ziko tupu na zimenyooshwa vizuri. Anayekwenda kusoma miaka mitatu na kurudi likizo habebi picha ya mapengo.

Labda nimekosea. Labda unataka kuwaonyesha wenzako. Ningefurahi sana kuwa nimekosea, nikuchekeshe na barua hii. Lakini kama sijakosea, mwanangu, basi unaondoka kwa sababu umeshajua namna utakavyopokelewa ukirudi, na aliyekujulisha ni mimi. Naogopa. Sijui neno la kiume zaidi la kuweka hapo, kwa hiyo liache hivyo.

Lipo jambo la sonata ambalo sijakwambia. Mwalimu Lipinga alilitaja mwaka aliokufa, nilipokwenda kumwona na kumwomba radhi kwa ule mlango na zile ngazi. Alikuwa kitandani, sauti imekwisha. Nikamuuliza kama wimbo wa pili ni lazima ukalishwe kwenye la kila unaporudi, kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo. Si sonata zote za huzuni zinafanya vile. Wapo watunzi walioufikisha wimbo wa pili nyumbani, wakaona la haitoshi, wakaigeuza nyumba. La inabaki pale pale, hakuna aliyehama, ila ile do iliyo juu yake inapandishwa nusu hatua. Basi. Hatua fupi inakuwa pana. Wimbo wa pili unaingia nyumbani na unacheka vile vile ulivyokuwa ukicheka ugenini, na aliyejisogeza ni mwenye nyumba.

"Kwa nini hukunifundisha hilo mapema, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Hukuuliza," akasema. "Ulikuwa unajua yote."

Umeuliza wewe, kwenye mkeka, na mimi nikakufukuza na habari za mvua. Kwa hiyo nakujibu sasa, na jibu langu si la usaili.

Lile kabati bovu ambalo tumeweka redio juu yake tangu ujue kutambaa si kabati. Ni kinanda cha shangazi yako. Nilikihamisha kutoka Mnero kwenye trekta, chini ya magunia, na misumari yake minne. Mara mbili ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini lina miguu ya kukanyagia, nikakwambia ni ya cherehani. Mchana huu nimechukua koleo. Wa kwanza ulitoka kirahisi, kutu imeumaliza. Wa pili na wa nne ilivunja mbao kidogo. Wa tatu, ule aliokwenda kuutafuta yeye mwenyewe kwenye kopo, ulikuwa mzima kabisa, unang'aa ubavuni, na umenichukua karibu saa nzima. Nimeumia kidole gumba. Usimwambie mama yako, nitasema nimejigonga shambani.

Panya wamekula ngozi ya mbuzi upande mmoja. Ukikanyaga, pumzi nyingi inapotea. Noti nyingi zimekufa, nyingine zinalia hata usipozigusa. Nimejaribu la, ipo. Nimejaribu ile do ya juu yake, ipo, na nikakaa nazo muda, hatua ile fupi, nikimkumbuka amesimama kiganja wazi. Halafu nikapandisha kidole kwenye noti nyeusi inayofuata. Ilikoroma kwanza, ikatoa vumbi. Kisha ikalia.

Kwa hiyo nayafuta maneno niliyoyasema mbele ya wajomba, na nitawaita niyafute mbele yao pia. Ukirudi na cheti, njoo. Ukirudi bila cheti, njoo. Ukirudi umenyoa, au na mtoto mgongoni, au na kitu kimekupata usichoweza kukisema, njoo nacho, na safari hii nitauliza, na usipotaka kujibu nitakupikia ugali tukae. Hutasimama sauti ya pili kwenye nyumba hii. Sikuombi uzitoe picha kwenye begi. Ni zako. Naomba moja tu, ile ya mapengo, uiache ndani ya kinanda, juu ya noti, ili siku ukiifuata uwe na sababu ya kupita hapa.

Nasikia pikipiki inapanda, ni ninyi. Kifuniko nimekiacha wazi na sitakifunga, hata mvua ikinyesha. Sikusikii ukipiga mluzi. Nasikiliza.

Baba yako